Mwongozo kamili wa kuandika shairi la mapenzi linalomwona mpenzi alivyo

Mashairi mengi ya mapenzi tunayotumiana kwenye simu yanamsifu mwanamke mmoja. Ana uso wa mwezi, meno ya lulu, shingo ya upanga, macho ya gololi, kiuno cha nyigu, mguu wa bia na ngozi ya maji ya kunde. Mwanamke huyo haishi mitaa ya Chang'ombe wala Kikuyu hapa Dodoma, hajawahi kubanana kwenye daladala ya kwenda Kisasa, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane halijawahi kumpasua midomo. Anayetumiwa shairi hilo hulisoma, hutabasamu, kisha huenda kwenye kioo kutafuta wapi amepungukiwa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika shairi la aina nyingine, ambalo mpenzi akilisoma atajua kwamba ametazamwa yeye. Utahitaji daftari, kalamu, siku kadhaa za kutazama kwa utulivu, na mtu unayempenda kweli. Kama humpendi, mashairi ya kukariri yanakutosha.

Kabla ya kushika kalamu

Mazoea haya ya kumgawa mpenzi vipande vipande na kukipa kila kipande kito chake ni ya zamani, na yapo katika lugha nyingi. Kwa Waswahili tunao utumbuizo wa Mwana Manga, unaohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, ambao unamsifu mwanamke kiungo kwa kiungo. Kule Italia, mshairi Francesco Petrarca (1304–1374) alitumia miaka mingi kumwandikia Laura, mwanamke aliyempenda, na waliomwiga wakajaza Ulaya nzima nywele za dhahabu, midomo ya marijani na mashavu ya waridi.

Ndipo mwaka 1609 ikachapishwa soneti ya 130 ya Shakespeare, mshairi wa Uingereza. Mistari yake ni 14. Katika 12 ya mwanzo anakanusha sifa hizo moja baada ya nyingine: macho ya mpenzi wake si jua, midomo haifikii wekundu wa marijani, kifua si cheupe kama theluji, nywele ni nyaya nyeusi, mashavuni haoni waridi, pumzi haishindi manukato. Mistari miwili ya mwisho inageuka: pamoja na hayo yote, mpenzi huyu ni adimu sawa na mwanamke yeyote aliyesingiziwa mifano ya uongo.

Shairi hilo lina mengi ya kutufunza, na lina upungufu ambao mwandishi wa leo hana sababu ya kuurithi. Msome huyo mwanamke tena. Karibu kila mahali anaelezwa kwa kile ambacho yeye si. Anapata uhai sehemu mbili tu: pale mshairi anapokiri kwamba hupenda kumsikia akizungumza, na pale anaposema kwamba mpenzi wake akitembea hukanyaga ardhi. Sauti na mwendo. Vitu viwili anavyovifanya mwenyewe, wala si vitu alivyonavyo mwilini. Mimi naona nguvu yote ya soneti ile imekaa hapo, na hatua zinazofuata zinajengwa juu ya jambo hilo: kipimo cha uzuri hakivunjwi kwa kukitukana, kinavunjwa kwa kumtazama mtu akiishi.

Hatua ya 1: Zimwage sifa za kuazima

Kaa chini dakika kumi. Andika kila sifa inayokujia kumhusu mpenzi wako, bila kuchuja: lulu, mwezi, twiga, ua, malaika, asali, figa namba nane. Usione haya. Zikibaki kichwani zitajipenyeza baadaye ukiwa unatafuta kina, ile silabi ya mwisho inayolingana.

Sasa pitia orodha na ujiulize swali moja kwa kila sifa: nikiweka jina la mtu mwingine hapa, itabadilika chochote? Kama haibadiliki, kata. Kwa kawaida hubaki kidogo sana, na hicho kidogo ndicho mtaji wako.

Iangalie kwa makini zaidi ile sifa ya rangi. Kila mtu hapa nchini amekutana na mkorogo, na anajua harufu yake na mashavu yaliyoiva kuliko shingo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania kwa sababu vinadhuru. Zebaki hufika hadi kwenye figo. Hata hivyo vinanunuliwa kwa kificho, na vinanunuliwa na watu waliosikia tangu utotoni kwamba mweupe ndiye mzuri. Mashairi na nyimbo zetu zimo katika waliosema hivyo. Mtunzi anayeandika "mweupe wangu" kwa mtu ambaye rangi yake ni nyeusi ya kiza amemwambia arekebishwe. Ukitaka kutaja rangi, taja iliyopo.

Usikate kila kitu, lakini. Mwanya, kwa mfano, ni pengo kwenye meno ambalo daktari wa meno angeweza kuliziba, na Waswahili wameuimba vizazi na vizazi. Lugha yetu yenyewe ilishakataa kwamba kila kisicho kamili ni kasoro. Sifa kama hiyo ina mizizi. Ibakize kama mtu wako anao kweli.

Hatua ya 2: Mtazame akiwa na kazi mikononi

Hapa ndipo shairi linapozaliwa, kwa hiyo usipapite haraka.

Mtu aliyekaa kwa ajili ya picha ameshajipanga kwa kipimo cha wengine: kidevu juu, tumbo ndani, mdomo umefungwa. Mtu anayefanya kazi amesahau kipimo. Ukitaka kuona ninachosema, nenda kwenye shughuli yoyote ya Kigogo ambapo akina mama wanapiga muheme. Ngoma imebanwa mapajani, mabega yanapanda na kushuka, jasho linachora mstari kwenye vumbi la shingo, na mama mwenye wajukuu anaitazama ngoma yake kana kwamba hakuna mtu mwingine uwanjani. Hakuna hata kiungo kimoja kwenye picha hiyo kinachoingia katika orodha ya lulu na mwezi. Hata hivyo uwanja mzima unamtazama yeye.

Kwa mpenzi wako kazi inaweza kuwa yoyote. Anapanga nyanya mafungu mafungu Soko la Majengo. Anasonga ugali wa uwele, sufuria ameikanyagia kwa ncha ya mguu. Anasahihisha madaftari ya wanafunzi usiku huku akisoma majibu kwa sauti ya chini. Anavuna zabibu Hombolo, mkasi mkono mmoja na kishada mkono mwingine.

Andika unachokiona kwa vitenzi. "Ana mikono mizuri" haitakusaidia kitu. "Hufuta kisu kwenye kanga kabla ya kukata kitunguu cha pili" itakusaidia. Andika pia sauti: anaguna vipi akiinama, anaita watoto kwa mlio gani, hunong'ona wapi na kupaza wapi. Andika anachokificha. Wengi wetu tuna kiungo tunachokificha, na mkono unaokwenda kukificha ni kitendo chenye maana kubwa kuliko kiungo chenyewe.

Na usisahau mwaka wa kwetu. Mvua za Dodoma huanza mwezi wa 12 hivi na kuisha mwezi wa nne. Miezi inayobaki ni ukavu na upepo. Ngozi hupauka, midomo hupasuka, visigino hushika magaga hata kwa anayejipaka mafuta kila asubuhi. Shairi la mapenzi la Dodoma lisilo na mtu aliyepauka hata mara moja limeandikwa mahali pengine.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja, kisha ujue kilitoka wapi

Ukishajaza kurasa mbili tatu, chagua kitu kimoja tu. Beti mbili haziwezi kubeba magaga, upara, kovu na kigugumizi kwa pamoja. Zitageuka kuwa orodha ileile ya viungo, safari hii ya kasoro.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kijana wa Dodoma anampenda msichana aliyekulia kijijini mkoani Singida. Meno yake yana madoa ya kahawia. Akicheka, huinua mkono.

Kabla hajaandika neno, kijana huyu anatakiwa kujua kwa nini. Katika sehemu za Singida, Arusha na Manyara, maji ya ardhini yana floraidi nyingi, kwa sababu ya miamba ya ukanda wa Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na visima vingi vya huko hupita kiwango hicho. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi, meno hutoka yakiwa na madoa. Mswaki hauyatoi. Hakuna uchafu hapo wala uzembe.

Anayejua hayo hawezi tena kuandika "meno machafu", na hata "meno mabaya" itamshinda. Madoa yale yamekuwa habari ya mahali: mama aliyechota maji, kisima, kijiji. Kovu lina ajali yake, mgongo uliopinda una mzigo wake, tumbo lililolegea lina watoto wake. Uliza taratibu, na ukiona mtu hataki kusimulia, chagua kitu kingine. Siri ya mtu haiwi malighafi ya beti.

Hatua ya 4: Zitambue njia tatu za kupotea

Ya kwanza ni kusamehe. Mtunzi anaandika:

*Meno ingawa mabaya, bado mimi nakupenda*

Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, nane kwa nane. Lakini mpenzi ameambiwa kwamba ana ubaya na kwamba anavumiliwa. Kila ukikuta "ingawa", "hata kama", "pamoja na" au "bado" kwenye shairi la namna hii, simama. Maneno hayo yanakikubali kipimo cha zamani na kuomba msamaha kwa niaba ya mtu ambaye hakukosa.

Ya pili ni kupaka dhahabu:

*Meno yako kahawia, kama dhahabu halisi*

Huu unavutia zaidi, na ndiyo maana ni mtego mkubwa. Doa limebadilishwa kuwa kito. Tumerudi dukani kwa sonara tulikotoka, tumebadilisha rangi ya bidhaa tu. Isitoshe, mwenye meno anajua si dhahabu. Nimewasikia watunzi wazuri wakiutetea mstari wa aina hii kwa kuwa unamtia moyo mpenzi. Sikubaliani nao. Anayetiwa moyo kwa uongo hubaki na wasiwasi uleule, sasa ukiwa na shairi juu yake.

Ya tatu ni kujionyesha. Hapa mtunzi anajisifia yeye mwenyewe kwamba ana moyo mkubwa, haangalii sura, anapenda roho. Mpenzi amegeuzwa kuwa ushahidi wa wema wa mshairi. Hesabu ni mara ngapi umesema "mimi" na "nina" katika beti. Zikizidi matendo ya mpenzi, shairi ni lako, halimhusu yeye.

Hatua ya 5: Jenga ubeti

Nashauri shairi la kawaida la mistari minne, kila mstari mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) na nane utao (nusu ya pili), lenye vina vya kati na vya mwisho. Guni, shairi lisilofuata vina na mizani, si kosa, ila kwa kazi hii nidhamu ya vina inasaidia: inakunyima neno la kwanza lililokujia, na neno la kwanza mara nyingi ni la kuazima.

Anza kwa sentensi ya kawaida, kama unavyoongea: meno yako yamekolea rangi ya maji ya kwenu. Hesabu. *Me-no-ya-ko-ya-me-ko-le-a* ni tisa; *ra-ngi-ya-ma-ji-ya-kwe-nu* ni nane. Imekaribia, lakini upande mmoja umezidi. Ukiondoa "yako" na kuweka "yameshika", halafu ukayaleta maji mbele, unapata *Meno yameshika maji*, nane kamili. Rangi inahamia upande wa pili: *rangi yake kahawia*. Sasa una vina viwili, *-ji* na *-ia*.

Kabla ya kuendelea, andika pembeni maneno ya *-ji* yanayotoka katika dunia ya mtu huyu: kijiji, mfariji, mji, hitaji. "Kijiji" linakuja na kisima chake. Vitenzi vya *-ia* viko tele, na wingi huo ni hatari yake. Ukiona umemaliza mistari mitatu kwa dakika mbili, rudi uvisome, huenda vimejaza nafasi bila kusema kitu. "Jamani", "kweli" na "pia" ni wageni wengine wa kuchungwa mlangoni.

Baada ya kukata na kushona, beti zinaweza kusimama hivi:

*Meno yameshika maji, rangi yake kahawia,*
*Ya kisima cha kijiji, ndiko ulikokulia,*
*Ukicheka, mfariji, moyo wangu hutulia,*
*Cheka usifiche kinywa, cheka nipate sikia.*

*Waunyanyua mkono, simu ukiangalia,*
*Wayaficha yako meno, picha hadi kutimia,*
*Nautaka mnong'ono, kicheko kumalizia,*
*Cheka usifiche kinywa, cheka nipate sikia.*

Tazama kilichofanyika. Rangi imetajwa wazi katika mstari wa kwanza na haikuombewa radhi. Mstari wa pili umeipa kwao. Kuanzia wa tatu mpenzi anacheka, ananyanyua mkono, anaficha, ananong'ona, yuko kazini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba meno hayo ni mazuri au mabaya, kwa sababu shairi limeacha kupima.

Hatua ya 6: Kibwagizo kibebe ombi

Watunzi wengi hukiachia kibwagizo, mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kazi ya kurudia jina la mpenzi. Ni hasara. Hapa nyumbani nyimbo za Wagogo zinazoimbwa kwa ala za zeze na ilimba zimejaa kuitikiana, mmoja anatoa na wengi wanapokea, na kinachopokewa ndicho watu huondoka nacho. Kiweke hapo kile unachotaka mpenzi akisikie mara nyingi zaidi. Katika mfano wetu ni ombi la kucheka bila kuziba mdomo. Limesemwa kwa sikio, "nipate sikia", na sio kwa jicho, na hilo lilikusudiwa: mtu aliyechoshwa na kutazamwa hupumua akiambiwa kwamba anasikilizwa.

Hatua ya 7: Waandikie wanaume nao

Dada zangu, msituachie kazi hii peke yetu. Kipimo cha mwanaume kipo na kinaumiza: awe mrefu, kifua kipana, tumbo bapa, asiwe na upara kabla ya miaka 40. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 ujenzi umeshika kasi, na nyumba nyingi mjini humu zina baba anayerudi jioni akiwa mweupe wa vumbi la saruji. Mke wake anaweza kuanza hivi:

*Mabega yameinama, kwa mifuko ya saruji,*
*Ukifika nasimama, nikupokee kwa maji,*

Mistari miwili iliyobaki namwachia mwenye mume.

Hatua ya 8: Mwenyewe asikie kwanza

Soma shairi kwa mpenzi wako mkiwa wawili, kwa mdomo, kabla ya kulituma kokote. Usilitume kwa ujumbe kisha ukasubiri alama mbili za buluu. Msomee polepole, umtazame kwenye mstari ule unaotaja kile anachokificha.

Akinyamaza, usikimbilie kujieleza. Mpe muda. Akisema, "Hapo toa," unatoa. Usijadiliane naye kuhusu sanaa; mwili ni wake na ubeti unaweza kushonwa upya. Akikataa shairi lote, liweke. Yapo mashairi mazuri kabisa ambayo hayana haki ya kutoka nje ya chumba.

Akikubali lisomwe mbele za watu, kwenye harusi, kitchen party au jioni ya ushairi, muulize mambo matatu: atajwe jina au asitajwe, awepo au asiwepo, na je, linaweza kuwekwa mtandaoni. Hili la mwisho liulize peke yake, kwa sababu ukumbini utawaona wanaocheka vibaya na utaweza kusimama naye. Kwenye simu hutawaona. Kama jibu ni hapana, waombe wenye shughuli wasirekodi ukiwa unasoma.

Baada ya miezi kadhaa rudi kwenye daftari ulilojaza katika hatua ya pili. Bado lina kurasa ambazo hukuzitumia, na mtu wako ameshabadilika kidogo. Chagua kitu kingine kimoja, uanze tena kuhesabu mizani.